Daftari la Wiki: Kumfuata Mwigizaji hadi Uzeeni

Kuna njia mbili za kumfuatilia mwigizaji. Ya kwanza ni ya tuzo na zulia jekundu, na hiyo haihitaji jasho, magazeti yatakufanyia. Ya pili ni kuchagua tamthilia moja na kuangalia mtu wako anaingia humo kwa mlango gani, akiwa na umri gani. Kwa waigizaji wa Uingereza mimi huchagua King Lear ya Shakespeare, kisa cha mfalme mzee anayewagawia binti zake nchi kwa kipimo cha maneno matamu, kisha akakiona cha mtema kuni.

Ian McKellen aliingia humo mwaka 1974 akiwa Edgar, kijana anayesingiziwa na ndugu yake wa baba mmoja hadi akajificha kwa kujifanya mwendawazimu. Kundi lake, Actors' Company, lilikuwa na utaratibu wa pekee: wote walilipwa sawa, na mhusika mkuu wa leo kesho alibeba sinia. Mwaka 1990, National Theatre, akawa Kent, mtumishi asiyemwacha bwana wake hata baada ya kufukuzwa. Mwaka 2007 akavaa taji lenyewe kwa Royal Shakespeare Company. Wengi wangeishia hapo. Yeye alirudi tena mwaka 2017 katika ukumbi mdogo wa Chichester, na mwaka uliofuata akampeleka Lear huyo London. Anayemjua McKellen kwa ndevu za Gandalf, mchawi wa sinema, peke yake amesoma sura moja tu ya kitabu kinene.

Na huyo Lear wa 1990, ambaye Kent wa McKellen alimtumikia, alikuwa nani? Brian Cox. Miaka ishirini na minane baadaye televisheni ilimpa nafasi ya Logan Roy katika Succession, tajiri mzee anayewapiga chenga watoto wake juu ya urithi. Ukijua alikopita, hasira za Logan hazikushangazi.

*

Judi Dench alipata Oscar yake kwa dakika zisizofika kumi, akiwa Malkia Elizabeth wa Kwanza katika Shakespeare in Love. Watu hulitaja jambo hilo kama mzaha, na mzaha wenyewe una ukweli: filamu ile ilionja tu akiba ya miaka arobaini.

Akiba hiyo ilikuwa wapi? Angalia The Winter's Tale. Mwaka 1969, kwa Royal Shakespeare Company, Dench alicheza nafasi mbili kwa mpigo, Malkia Hermione na Perdita binti yake. Mwaka 2015 alirudi kwenye tamthilia hiyo hiyo, ukumbi wa Garrick, London, pamoja na Kenneth Branagh. Safari hii alikuwa Paulina, mwanamke mtu mzima anayemkaripia mfalme usoni bila kupepesa macho. Nafasi hiyo ilimpa tuzo yake ya nane ya Olivier.

Titania, malkia wa majini katika A Midsummer Night's Dream, alimcheza jukwaani mwaka 1962, akamrudia kwenye filamu ya 1968, na mwaka 2010 akamcheza tena huko Kingston akiwa na miaka 75. Kuna watakaosema mwanamke wa umri huo hafai kuwa malkia wa mapenzi ya usiku wa manane. Kwani majini huzeeka? Siku hizi macho yake yamefifia kwa maradhi, na mistari yake hujifunza kwa kusomewa na wengine.

*

Glenda Jackson alikuwa na Oscar mbili kabla ya kufikisha miaka arobaini. Mwaka 1992 aliacha uigizaji akagombea ubunge kwa chama cha Labour, akashinda, akakaa bungeni hadi 2015. Hakuwa mbunge wa kupamba mabango. Aliwakera wapinzani, na Tony Blair wa chama chake mwenyewe hakusalimika alipoipeleka nchi vitani Iraq.

Mwaka mmoja tu baada ya kuondoka bungeni, akiwa na miaka 80, alipanda jukwaa la Old Vic akiwa Mfalme Lear. Mfalme, si mke wa mfalme. Miaka zaidi ya ishirini ya kusikiliza wenye madaraka wakidanganya na kudanganywa ni mazoezi ambayo hakuna chuo cha sanaa kinachoweza kuyatoa. Filamu yake ya mwisho, The Great Escaper, alicheza na Michael Caine, ambaye walikuwa wamecheza pamoja mara ya kwanza mwaka 1975 katika The Romantic Englishwoman. Jackson alifariki Juni 2023, miezi michache kabla filamu haijatoka.

*

Mpwa wangu anaipenda Bridgerton, tamthilia ya Netflix, na anaweza kuiga kila mnuno wa Lady Danbury. Nikamwambia atafute Julius Caesar ya Royal Shakespeare Company ya mwaka 2012. Mwongozaji Gregory Doran aliipeleka hadithi katika nchi ya Afrika ya leo, na waigizaji wote walikuwa Waingereza weusi: Paterson Joseph akiwa Brutus, Ray Fearon akiwa Antony, Adjoa Andoh akiwa Portia, mke wa Brutus. BBC waliitengenezea filamu. Sisi tulioisoma tamthilia hiyo kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963 hatuhitaji kuelezwa kwa nini njama za wakubwa, umati unaogeuka kama upepo na jeshi lililo mlangoni vinakaa vizuri kwenye jua letu.

Andoh ndiye Lady Danbury. Mwaka 2019, kabla ya umaarufu wa Bridgerton, aliongoza Richard II kwenye Shakespeare's Globe akishirikiana na Lynette Linton, naye mwenyewe akiwa mfalme, katika kundi la wanawake pekee, wote wasio Wazungu. Mpwa wangu sasa anataka kujua ni nani mwingine aliyefichwa na magauni ya Netflix. Hayo ndiyo maswali ninayoyataka.

*

Ralph Fiennes alikuja Kenya kwa ajili ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, na sehemu za filamu hiyo zilipigwa Kibera na Loiyangalani, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Rachel Weisz ndiye aliyeondoka na Oscar. Watengenezaji walianzisha mfuko wa kusaidia elimu katika maeneo hayo, jambo ambalo wapiga picha wengi wanaopita kwetu hawalikumbuki.

Fiennes naye amepita kwa Lear: mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa Edmund, yule ndugu msingiziaji. Mwishoni mwa 2023 alikuwa Macbeth, na hakutaka kumbi zenye viti vya mahameli. Waliicheza kwenye maghala na majumba makubwa ya maonyesho, Liverpool, Edinburgh, London, kisha Washington. Mwaka uliofuata ulimwengu ukamwona akiwa kardinali mwenye mashaka katika Conclave. Sidhani ni bahati kwamba mtu anayeweza kubeba dhamiri ya Macbeth usiku baada ya usiku anaweza pia kutuonyesha mashaka ya kardinali kwa kunyamaza.

*

Sisi tulio mbali na London tumekuwa tukiokota makombo. National Theatre ilianza kurusha maonyesho yake kwenye majumba ya sinema mwaka 2009, Helen Mirren akiwa Phèdre, lakini neema ya kweli ilikuja 2020, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya korona na maonyesho yakawekwa YouTube bure kila Alhamisi. Hapo ndipo wengi wetu tulipoiona Frankenstein ya 2011, ambamo Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walipokezana, huyu daktari leo, kesho kiumbe alichokiunda. Ziliwekwa zote mbili. Ukizitazama kwa kufuatana unaona kwamba Miller alimfanya kiumbe mtoto mchanga anayejifunza kutembea, na kwa Cumberbatch mwili wote ulikuwa ukihangaika kurudishiwa matumizi yake.

Mchumba wa daktari humo ni Naomie Harris. Wakenya wanamkumbuka kama mwalimu Jane katika The First Grader, filamu ya 2010 iliyopigwa Kenya kuhusu mzee Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Maruge alichezwa na Oliver Litondo, mtangazaji wa zamani. Baada ya hapo Harris alikwenda kwenye James Bond na kuteuliwa kwa Oscar. Litondo alipata sifa alizostahili, lakini hakuwa na jukwaa kubwa la kitaifa lililomsubiri na msimu wake wa tamthilia.

*

Hapo ndipo penye kiini. Huku kurudi kwa Dench na McKellen hakutokani na vipaji peke yake. Royal Shakespeare Company na National Theatre hupewa ruzuku kutoka fedha za umma, zina maghala ya mavazi, walimu wa sauti, na desturi ya kuzirudisha tamthilia kubwa kila baada ya miaka kadhaa. Mwigizaji akizeeka, nafasi ya mzee inamngoja, na mtazamaji aliyemwona akiwa kijana bado ananunua tikiti.

Tamthilia za kuvumilia kurudiwa hivyo hatuna uhaba nazo. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, ina wahusika wa kila umri, na suala lake la imani na silaha halijachuja. Nataka kumwona msichana aliyecheza Chausiku akirudi baada ya miaka ishirini akiwa Bi Kitunda. Nataka kijana aliyekuwa mmoja wa umati arudi na mvi akiwa Kinjeketile mwenyewe, na kwenye viti wawepo watu wanaokumbuka alivyokuwa. Ukumbi utakaotangaza mpango huo, wa Dar es Salaam au wa Nairobi, unihesabie tikiti za maonyesho yote mawili, la mwaka huu na lile la miaka ishirini ijayo.