Kelele ya Duma: redio za Kasongo ziipe nafasi

Kwa wengi wa Kasongo, muziki ni rumba ya Kinshasa, kwaya za kanisa na kaswida. Kijana akifungua albamu ya Duma kwenye simu, jirani atauliza kama spika imeharibika, ao atasema ni muziki wa shetani. Hukumu hiyo inatolewa haraka mno.

Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spike Heart, na Sam Karugu. Jina lao kwa Kikuyu ni giza. Albamu yao, yenye jina hilohilo, ilirekodiwa Kampala mwaka 2019 na kutolewa na Nyege Nyege Tapes Agosti 2020. Hakuna mpiga ngoma humo. Kuna gitaa, kompyuta, na mtu anayepiga yowe mpaka maneno yanapotea.

Metali, watu wanasema, ni mambo ya Wazungu. Ni kweli ilianzia Birmingham, Uingereza, lakini kwa watoto wa wafanyakazi wa viwanda. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kazini. Baadaye akalegeza nyuzi za gitaa zisimuumize, na sauti ikazidi kuwa nzito. Mtu wa Salamabila, kule Kabambare, anayesikia mawe ya dhahabu yakisagwa asubuhi mpaka jioni, hahitaji kufundishwa sauti hiyo inatoka wapi.

Na Kabambare imeona zaidi ya mawe. Watu wamekimbia vijiji, wamerudi, wamekimbia tena. Nyimbo zetu juu ya vita karibu zote zinaomba amani kwa sauti tamu. Hasira yenyewe haijapata wimbo. Duma wameipa wimbo, tena bila kuwauzia wageni ile furaha na densi wanayoitaka kila mara kutoka Afrika.

Albamu ina makosa. Katikati inachosha, na wimbo mmoja una jina linalotaja kujiua, jambo lisilo la kuchezea mbele ya vijana.

Lakini wale wa Kasongo wanaotengeneza muziki kwa simu, chaji ikitoka kwenye paneli ya jua, kila siku wanaambiwa wangojee studio na orkestra kamili. Duma walikuwa wawili tu. Redio za mji zingewapa hata dakika kumi, usiku, wazee wakiisha kulala.