Mgeni Akitaja Jina Lake, Mwenyeji Aliamini

Leo sina habari za simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Nina lalamiko, na linawahusu wote wanaotengeneza na kuendesha mitambo ya mashine pepe. Kwa kifupi: mwenyeji hana sababu ya kumkataa mgeni eti kwa kuwa jina lake halimo kwenye orodha.

Nianze na wale ambao mambo haya ni mapya kwao. Mashine pepe ni tarakilishi iliyoundwa kwa programu ndani ya tarakilishi ya kweli. Ile ya kweli tunaiita mwenyeji, iliyo ndani tunaiita mgeni. Seva moja yaweza kubeba wageni kumi, huyu na Windows, yule na Debian, mwingine na Ubuntu, na kila mmoja akajiona kama yuko peke yake.

Sasa, mwenyeji anajuaje kwamba mgeni fulani ni Debian na si Ubuntu? Ukweli ni kwamba peke yake hajui. Anachokiona ni diski, kumbukumbu na kadi ya mtandao tu. Kwa hivyo ana njia tatu. Ya kwanza ni kumwuliza mwenye mashine achague jina kwenye orodha siku ya kuiunda, kama wanavyofanya VMware na VirtualBox. Ya pili ni kuweka wakala mdogo ndani ya mgeni, asome faili fulani na kupeleka majibu nje: VMware wana open-vm-tools, KVM ina qemu-guest-agent, Hyper-V ina hv_kvp_daemon, na XenServer ilikuja na skripti iitwayo xe-linux-distribution. Ya tatu ni kuifungua diski ya mgeni kutoka nje na kuisoma, kazi ambayo virt-inspector huifanya vizuri.

Zamani kazi ya wakala ilikuwa ngumu kweli, na hapo siwalaumu. Kila distro ilikuwa na faili yake. Red Hat walikuwa na /etc/redhat-release, Debian /etc/debian_version, SUSE /etc/SuSE-release. Wakala alipapasa moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta swichi gizani. CentOS nayo ilibeba redhat-release, na Ubuntu hubeba debian_version mpaka leo. Ifungue faili hiyo kwenye Ubuntu 22.04 utasoma "bookworm/sid", ambayo ni majina ya Debian! Wakala anayeishia hapo atakwambia mgeni wako ni Debian.

Lakini mwaka 2012 watu wa systemd walileta /etc/os-release, na distro karibu zote kubwa zikaikubali. Kwenye Rocky Linux 9, kwa mfano, utakuta mistari kama hii:

ID="rocky"
VERSION_ID="9.4"
ID_LIKE="rhel centos fedora"

Mgeni amepiga hodi, ametaja jina lake na jina la ukoo wake. Unataka nini tena? Mwongozo wa faili hiyo wenyewe unasema kwamba usipoitambua ID, utazame ID_LIKE. Mawakala wengi wameshaelewa. QEMU ilipata amri ya guest-get-osinfo mwaka 2017, nayo husoma faili hiyohiyo. Yule wa Hyper-V huanza na os-release, na hurudi kwenye faili za zamani pale tu anapoikosa.

Basi tatizo liko wapi? Liko juu ya wakala, kwenye paneli za usimamizi. Wakala analeta jibu sahihi, kisha paneli inalilinganisha na orodha iliyoandikwa miaka mingapi iliyopita. Halimo? "Mfumo hautambuliki." Mgeni anatupwa kwenye kapu la "Linux nyingine", na huko huduma ni za daraja la tatu.

Msidhani hili ni suala la lebo tu. Desemba 2020 Red Hat walitangaza kwamba CentOS Linux 8 ingefikia mwisho tarehe 31 Desemba 2021, ilhali watu walitarajia kuitumia hadi 2029. Rocky na AlmaLinux zikazaliwa 2021 kuziba pengo hilo. Programu ni zilezile, zimebadilika jina tu. Mwaka 2022 nilisaidia biashara ndogo hapa Nairobi kuhamia Rocky. Kampuni iliyowakodisha seva, ambayo sitaitaja, ilikuwa na paneli inayoijua "centos" lakini haiijui "rocky". Mashine mpya haikupewa anwani ya IP, haikupewa jina, na nakala za akiba za usiku zikagoma. Jibu rasmi? Nunueni leseni ya Red Hat, au mbaki na CentOS 8. Yaani mlipe kwa dola, au mbaki na mfumo usiopata tena viraka vya usalama. Duka la vipuri lichague lipi kati ya hayo?

Mwishowe fundi wao mwenyewe akatunong'onezea: badilisheni ID kwenye os-release, muandike "centos". Tukajaribu kwenye mashine ya majaribio. Kila kitu kikafanya kazi papo hapo!

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Orodha ile haikuzuia hatari yoyote. Ilimkataa mgeni aliyesema kweli na kumkaribisha aliyedanganya. Na uwongo huo una gharama, maana programu za kukagua mianya ya usalama husoma os-release hiyohiyo kujua zikague nini. Mashine iliyodanganya jina itapimwa kwa vipimo vya mwingine.

Najua majibu yao. Kwanza watasema, "Hatuwezi kujaribu kila distro." Sawa kabisa, hakuna anayeweza. Lakini "hatujaijaribu" na "hatuiruhusu" ni mambo mawili tofauti. Onyesha onyo, kisha niache niendelee.

Pili watasema, "Mgeni anaweza kudanganya." Ni kweli, mwenye mamlaka ya root huandika chochote atakacho. Ndiyo maana usalama wa mwenyeji haupaswi kutegemea jina hata kidogo. Unategemea ukuta uliopo kati ya mwenyeji na mgeni, na ukuta huo haujali kama wewe ni Rocky au Arch.

Tatu watasema, "Tunahitaji jina ili tuchague vifaa." Kwa nini? Draiva za virtio zimo ndani ya kerneli ya Linux tangu 2008. Ukijua kwamba mgeni ni Linux ya miaka ya karibuni, mpe diski na kadi ya mtandao za virtio, yatosha. Watu wa libosinfo wameliona hilo, wakaweka kwenye hifadhidata yao ingizo liitwalo linux2022, yaani Linux yoyote ya mwaka huo. Awali virt-install ilipokosa jina ilimpa mgeni diski ya IDE na kadi ya e1000, akawa anakwenda mwendo wa kobe kwenye seva nzima kabisa. Bora kuuliza mgeni anaweza nini kuliko kuuliza anaitwa nani.

Kwa hivyo ninyi mnaoandika paneli: someni ID, mkikosa someni ID_LIKE, mkikosa vyote mchukulieni kuwa Linux ya kawaida na mumhudumie. Msianguke pia mkikosa VERSION_ID, maana si lazima iwepo, na Arch haina. Ninyi mnaopika distro zenu za shule na ofisi: andikeni ID yenu wenyewe, na ukoo wenu muuweke kwenye ID_LIKE. Na wewe unayekodisha seva, kabla hujatoa pesa waulize swali moja tu: mgeni asiye kwenye orodha yenu mnamfanyaje?

Wakisema wanamkataa, tafuta mwenyeji mwingine. Nawasilisha.