Zimwi la Kitabuni Halijaua Mtu

Hapa Kisesa, Usukumani, ipo imani inayorudiwa na wazazi, walimu na wahubiri: kwamba riwaya za majini, mazimwi na nchi zisizokuwepo huwatia vijana ushirikina. Kijana akikutwa amezama katika kitabu cha elfi, wale viumbe wa msituni wenye masikio yaliyochongoka, ananyang'anywa. Huenda kinamhusu askari aliyevuliwa cheo kwa fedheha, akawa kiongozi wa watu waliotupwa na jamaa zao. Hakuna anayeuliza. Kina viumbe vya ajabu, basi ni uchawi.

Imani hiyo ni potofu, na naipinga kwa uchungu, kwa sababu Usukumani ushirikina umeua. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa kuni na samadi walizopikia miaka yote. Katika mauaji yaliyoshika kasi mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa waliwindwa na kukatwa viungo, watoto wakiwemo. Januari 2015 Serikali ilipotangaza marufuku, iliwalenga wapiga ramli, si watunzi wa riwaya. Chanzo kinajulikana: mganga anayemwambia mvuvi au mchimba dhahabu kwamba kiungo cha binadamu kitamtajirisha, na ndugu anayelimezea mate shamba la bibi mjane.

Mganga huuza uongo akiuita ukweli. Mtunzi hukuambia mapema kwamba anabuni, nawe unamfuata kwa hiari, kama ulivyomfuata bibi yako jioni alipoanza hadithi. Msukuma gani hamjui Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha? Mtoto aliyezaliwa, Masala Kulangwa, ndiye aliyeliua na kuwatoa watu tumboni. Vizazi na vizazi vimelelewa kwa hadithi hiyo, wala sijasikia mtu aliyenoa panga kwenda kumtafuta Shing'weng'we. Mapanga yamenolewa kwa ajili ya jirani.

Wapo watakaosema za kwetu ni sawa, ila hizi za kubuni nchi na viumbe ni za Wazungu. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima ikielea hewani. Humo Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa mbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatupwa gerezani. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hili, aliandika Nagona na Mzingile, riwaya ambamo mipaka ya dunia tunayoijua inavunjika kabisa. Hao si wageni. Ni nguzo za fasihi yetu.

Faida ya riwaya kama ile ya askari aliyefedheheshwa na kundi lake la waliotengwa ni hii: msomaji anakaa upande wa mtuhumiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Anaona tuhuma inavyoanza kwa mnong'ono, inavyopata mashahidi wasioona kitu, na jinsi watu wema wanavyonyamaza. Kijiji kinachomwua bibi kizee kwa sababu ya macho yake kimekosa ujuzi huo hasa. Hakuna aliyewahi kujiweka mahali pake.

Kwa hiyo mzazi, mrudishie mtoto kitabu chake, kisha muulize aliyetengwa alikosa nini na nani alimsingizia. Mwalimu, kiweke kwenye rafu ya shule. Mhubiri, hasira yako ielekeze kwa mpiga ramli aliye mtaani kwako, ambaye waumini wako wanamwendea usiku. Huyo ndiye anayefundisha ushirikina, na wanafunzi wake hawahitaji kujua kusoma.