Shahidi wa Kifusi na Mwenye Jengo

Kila jengo linapoporomoka na kuua watu katika mji wetu, huinuka sauti ya kuwaliwaza wafiwa: aliyekufa chini ya kifusi ni shahidi, na makazi yake ni peponi. Tuliisikia baada ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua watu 36. Tuliisikia tena baada ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la Kariakoo lilipowafukia wafanyabiashara, vibarua na wateja asubuhi ya Jumamosi, likaua zaidi ya watu 20.

Sibishani na sauti hiyo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inataja aina tano za mashahidi, na aliyeangukiwa na jengo ni mmoja wao. Kwa mzazi aliyesimama siku tatu kandokando ya utepe wa polisi akingoja maiti ya mwanawe, neno hilo ni tulizo ambalo hakuna serikali inayoweza kulitoa. Ninachobishania ni kazi ya pili ambayo neno hilo limebebeshwa, yaani kufunga mjadala. Likishatamkwa msibani, anayeuliza ni nani aliyetoa kibali huonekana amekosa adabu, kana kwamba anagombana na kadari.

Ndugu msomaji, hadithi ile inaeleza hali ya marehemu. Kuhusu mwenye jengo haikusema kitu, na kimya hicho si hati ya kumwachilia huru.

Itazame orodha yenyewe. Aliyekufa kwa tauni naye yumo. Hata hivyo, Umar bin Khattab alipokuwa safarini kuelekea Sham na kupata habari za tauni alipofika Sargh, aliurudisha msafara. Abu Ubayda alipomhoji kama anaikimbia kadari, alimweleza kwamba kurudi nako kumo ndani ya kadari ya Mungu. Kama ujira wa shahidi ungekuwa sababu ya kuacha tahadhari, Umar angewaingiza masahaba wote katika tauni na kuwapongeza.

Tena, dini ileile inayompa marehemu daraja inawapa warithi wake haki. Aya ya 92 ya Surat an-Nisaa inamtaka aliyeua kwa makosa, bila kukusudia, atoe kafara na diya, isipokuwa warithi wasamehe. Mafakihi wa madhehebu ya Hanafi walijadili hata ukuta ulioinama: mwenyewe akitakiwa auvunje, akapata nafasi ya kuuvunja na asiuvunje, kisha ukaua mtu, dhamana ni yake. Sisi wa pwani wengi ni Mashafii, najua, na masuala haya yana khitilafu zake. Lakini mtu asiniambie kwamba Uislamu hauna la kusema kuhusu nguzo dhaifu.

Tulifanya hivyohivyo MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011. Aliyekufa maji ni shahidi, tukasema, na swali la nani aliyeruhusu meli iliyojaa kupita kiasi iondoke bandarini likageuka la wanasiasa na wanasheria peke yao.

Kariakoo fremu ni dhahabu. Watu hulipa kilemba kabla hata ya kodi, na kila mita ya ardhi, juu na chini, ina bei. Mwenye kuchimba chini ya jengo lenye watu ili apate fremu zaidi anajua anachokifanya, na mtumishi wa umma anayepita pale akafumba macho anajua pia. Baada ya ajali ya 2024 Waziri Mkuu aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, na wamiliki wakafikishwa mahakamani kwa mashitaka ya kuua bila kukusudia. Hatia yao ni suala la mahakama. Mimi nawasemesha masheikh na maofisa.

Enyi masheikh, mkimtaja shahidi katika khutba, itajeni na diya. Nanyi maofisa wa Jiji, matokeo ya ukaguzi wa kila jengo yabandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, mpangaji ayasome kabla hajalipa kilemba. Kamati za misikiti zenye fremu za wakfu zianze na majengo yao, kabla ya Ramadhani ijayo.