Mzazi Peke Yake Ghorofani

BARAZANI
Na Shomari Mwinyikombo

Malalamiko nisikiayo aghalabu kwa wazazi wa Kariakoo na Gerezani ni kwamba kijana, akishabalehe, hugeuka kuwa kama mpangaji: huingia, hula, hukiinamia kisimu chake, na akiulizwa habari zake hujibu "poa" kisha akanyamaza. Siyakanushi, ila nastaajabu kwamba twataraji baba na mama, na wao tu, wawe wasiri wa mtoto, jambo ambalo wazee wetu wa Pwani, pamoja na ukali wao wote, hawakupata kulitaraji.

Kwao mambo ya mwili na ya mahaba hayakuwa ya mzazi kuyanena. Mwari alikuwa na somo wake wa kumfunda faraghani. Mvulana aliyetoka jandoni alikuwa na mjomba wa kumwendea. Na bibi, kwa haki ile ya utani iliyopo baina yake na wajukuu, aliweza kuuliza kwa mzaha lile ambalo mama angeona haya hata kulitaja. Sidai kuwa mafunzo yale yote yalikuwa mema, maana mengine yalimwandaa msichana kuolewa kabla hajapevuka. Lakini kule kumwachia mzazi staha, na siri akapewa mwingine, kulikuwa na hekima.

Nyumba zenyewe zilisaidia. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma, ilikusanya wapangaji wa makabila mbalimbali waliopika uani pamoja, hata mtoto aliyegombana na babaye akawa na milango mingine mitano ya kubisha hodi. Leo viwanja vile vile vina maghorofa, maduka chini na stoo katikati, na familia iliyobakia huko juu hukaa nyuma ya geti la chuma, haimjui jirani hata kwa jina.

Husemwa tena kwamba kizazi hiki, kwa singeli yake na mavazi yake, hakijapata kuonekana. Hapo ningependa mabibi wa mjini waulizwe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ili kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vipigwe marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Na kabla siku hiyo haijawadia, magenge ya vijana yalikwisha kuwavamia wasichana hapa hapa Kariakoo kwa sababu ya nguo zao. Msichana aliyekuwa na miaka 16 wakati ule sasa amepita 70, anajitanda kanga na kuvuta tasbihi, nasi twamdhania hajui lolote juu ya mjukuu anayefokewa kwa sketi fupi! Yeye ndiye ajuaye kuliko sote.

Basi mzazi mwenye duka Mtaa wa Aggrey na amchukue kijana wake Jumamosi wakahesabu makava ya simu pamoja, kwani macho yakiwa kwenye bidhaa ulimi hulegea. Asiye na duka anayo Simba na Yanga, na heri zaidi wakiwa hawashabikii timu moja. Na lile zito litakalosalia, la mapenzi au la hofu, kijana apelekwe kwa mama mdogo Temeke, nauli ya daladala itoke kwa mzazi, na mzazi huyo asidai kusimuliwa walichozungumza.