Kujua Ulipo na Kutangaza Ulipo

Msafiri aliye porini, mahali ambapo mtandao wa simu haufiki, aweza kuwajulisha wenziwe alipo. Simu yake hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS na kukokotoa mahali hapo bila msaada wa mnara wowote. Lakini kujua si kujulisha. Kazi ya kujulisha hufanywa na redio ya ridhaa, yaani ile ya wapenzi wa mawasiliano wasiofanya biashara.

Njia itumikayo huitwa APRS. Mbunifu wake ni Bob Bruninga, aliyekuwa mhandisi wa Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambaye mwaka 1984 alitumia kompyuta ndogo kufuatilia farasi katika mashindano ya maili 100. Siku hizi programu ya APRSdroid hugeuza vipimo vya simu kuwa sauti. Redio iliyounganishwa kwa waya huirusha, na vituo vya njiani huipokea na kuirudia.

Hata hivyo, kanuni za redio ya ridhaa hukataza kuficha maana ya ujumbe. Vituo vingine huupeleka kwenye intaneti, ukaonekana ramanini na dunia nzima. Basi anayetangaza njia ya gari lake kila jioni huonyesha pia mlango wa nyumba yake. Kwa familia ya askari, hilo si jambo dogo. Leseni ni sharti la kwanza. La pili ni busara ya kuzima chombo mapema, kabla ya kukaribia nyumbani au kambini.