Raha ya Ziwa na Haki ya Ufuo

Mkenya aliyefanya kazi mwaka mzima na kujaliwa wasaa wa juma moja la kupumzika, aghalabu fikra zake humpeleka Mombasa, Diani au Malindi, kana kwamba nchi hii haina maji ila ya chumvi. Na hata yule ambaye kwao ni Homa Bay au Migori, aliyelelewa kwa sauti ya mawimbi ya Ziwa Victoria, hufunga safari ya nyumbani kwa ajili ya mazishi, Krismasi au kesi ya shamba, akalipitia ziwa kwa macho tu, kisha akarejea Nairobi na uchovu ule ule aliokwenda nao. Jambo hili ni hasara kwa mtu na ni hasara kwa ziwa. Nawanasihi wasomaji waende wakapumzike huko, wapange nyumba ndogo kando ya maji, wakae siku tatu au nne bila shughuli. Lakini nasihi hii ina sharti lake, nami nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa bila ya sharti hilo afadhali wasiende.

Chukua mji wa Mbita, uliokaa penye mlango mwembamba wa maji baina ya bara na kisiwa cha Rusinga. Mgeni anaweza kuufikia kwa barabara kutoka Homa Bay, au akavuka ghuba kwa kivuko kutoka Luanda Kotieno, ambayo ni njia nzuri zaidi, maana moyo huanza kutulia tangu chomboni. Hapo saa za mtu hazipangwi na ofisi, hupangwa na upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na pepo huvuma kutoka bara kwenda ziwani; mchana, jua likisha kuitia ardhi joto, pepo hugeuka zikavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa hikima hiyo waliyorithi kwa wazee wao, wavuvi wa matanga huondoka kabla ya alfajiri wakisukumwa na upepo wa bara, na alasiri hurejea wakiletwa na upepo wa ziwa, wasiteketeze hata tone moja la petroli. Mashine za kusukuma mashua zimezidi siku hizi, wala siwalaumu wanaozitumia. Hata hivyo matanga hayajatoweka, na mtu aliyeketi barazani saa kumi za jioni akayaona yakikaribia, meupe na yenye viraka, atapata utulivu ambao dawa ya hospitali haiutoi.

Nenda ufuoni uitazame mashua ikiingia. Ni chombo cha mbao, ubavu wake umepakwa rangi nyekundu na buluu na kuandikwa jina, na viungo vya mbao zake vimezibwa kwa pamba na juu yake vikapigiliwa mikanda ya bati, ambayo hung'aa maji yanapoteremka. Nahodha hulishusha tanga kabla ya chombo kugusa mchanga, vijana huruka majini hadi kiunoni wakaushika ubavu, na wanawake waliokuwa wakingoja kwa beseni na ndoo hukaribia kupatana bei ya samaki, ngege na mbuta, palepale, kwa maneno machache, maana wanajuana tangu zamani. Pembeni omena, dagaa wa ziwani, wametandazwa juu ya nyavu kuukuu, na mama mmoja huwageuza kwa kiganja, pole pole, ili wakauke pande zote kabla ya jua kuinama. Usiku, hasa mwezi unapokuwa gizani, wavuvi wa omena hutoka na taa zao kuwavuta samaki, na upeo wote wa ziwa hujaa nuru, hata mgeni akadhani kuna mji wa pili juu ya maji.

Mwenye kutaka kutembea hakosi pa kwenda. Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ndipo Mary Leakey alipopata mwaka wa 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Mfangano kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe katika miamba ya Mawanga na Kwitone. Upande wa Migori zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu bila udongo wala chokaa, zikasimama kwa karne kadhaa kabla ya UNESCO kuziandika katika urithi wa dunia mwaka wa 2018. Na kutoka huko msafiri aweza kuteremka hadi Karungu au Muhuru, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako ziwa si ghuba tena bali ni bahari yenyewe isiyo na ng'ambo. Na awe na hadhari: maji ya kina kifupi yenye majani yana konokono wa kichocho, viboko wapo, mamba wapo, na mbu wa malaria wapo. Asioge ila pale wenyeji walipomwambia, na alale ndani ya chandarua.

Sasa nalifikia sharti langu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlango ule wa Mbita ulizibwa kwa tuta la mawe na udongo ili barabara ipite hadi Rusinga. Barabara ilikuwa haja ya haki, lakini maji ya ghuba yalikatwa na maji ya ziwa kuu, na mashua zilizokuwa zikipita hapo kwa dakika chache zikalazimika kukizunguka kisiwa kizima. Wavuvi walilalamika miaka nenda miaka rudi, hata daraja lilipofunguliwa mwaka wa 2017 maji na vyombo vikapata tena njia yake. Miongo mitatu na zaidi ilipita kabla ya kosa hilo kusahihishwa. Ukuta wa hoteli unaoteremka mpaka majini hufanya dhuluma ya namna hiyo hiyo, tena huifanya kimya kimya, kiwanja baada ya kiwanja, na hakuna daraja linaloweza kuutibu. Tumeona mwambao wa Pwani: vichochoro vya kwendea ufuoni vimezibwa, mvuvi akawa hana pa kuegesha ngalawa yake, na mtoto aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini huambiwa na mlinzi kwamba hapa hapiti.

Ziwa halina mwenyewe mmoja. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeyahesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma, iliyo amana mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya watu wa Kenya. Lakini sheria iliyoandikwa Nairobi haifungui lango lililofungwa Mbita, na ndiyo maana nasema dhima kubwa iko kwa serikali za kaunti mbili, Homa Bay na Migori, zinazopitisha mipango ya ujenzi na kutoa leseni za biashara. Sherehe za Madaraka za mwaka 2025 zilifanyika Homa Bay, na maudhui yake yalikuwa uchumi wa majini. Maneno mengi mazuri yalisemwa kuhusu uwekezaji, nami nayaunga mkono, kwa kuwa wanawake wale wa omena wanahitaji wateja, na vijana wale wa mashua wanahitaji kazi nyingine siku ambazo ziwa limewanyima. Wako watakaosema kwamba mwekezaji hatatia fedha zake mahali ambapo wavuvi wanapita mbele ya wageni wake na harufu ya omena inaingia vyumbani. Nasi tuwajibu kwa upole kwamba wageni hao wamekuja kwa ajili ya mashua hizo hizo. Ukishaziondoa, umebaki na kitanda na bwawa la kuogelea, na hivyo vyapatikana hata Nairobi.

Kuna hadithi ya kale inayohusu ziwa dogo la Simbi, karibu na Kendu Bay. Husimuliwa kwamba hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa ngoma na pombe akaja bikizee mwenye njaa, akafukuzwa mlango hata mlango isipokuwa na mwanamke mmoja aliyemsitiri. Mvua ikanyesha, na kijiji kikazama na watu wake wote ila mwanamke yule. Wajaluo walioihifadhi hadithi hiyo wanafahamu vema haki ya mgeni juu ya mwenyeji. Mimi nataka haki ya mwenyeji juu ya mgeni nayo iandikwe, iandikwe katika leseni yenyewe: kwamba kila nyumba ya mapumziko ijengwe mbali na ukingo wa maji, kwamba iache njia wazi ya miguu hadi ufuoni, ya kumtosha mama mwenye beseni kichwani na mwenziwe akipishana naye, kwamba bichi za wavuvi zipimwe na kusajiliwa kwa jina la jamii kabla ya kiwanja kingine chochote kuuzwa, na kamati za wavuvi za kusimamia fuo (BMU) zisikizwe kabla ya ramani kupitishwa. Muhuru na Karungu, ambako nafasi ingali ipo, zipimwe kwanza, na zipimwe mwaka huu.